UZI: Kusoma historia ya eneo kwa ramani za topografia za zamani – tarehe, koodineti na mitego yake

Gridi50
Wakuu, uzi huu ni kwa anayetaka kujua eneo lilikuwaje zamani kwa kutumia ramani za topografia: barabara ilipopita, reli iliyong'olewa, kijiji kilichohama, machimbo yaliyofukiwa, mto uliobadili njia. Wengi wakishapata skani nzuri wanaiweka juu ya picha ya setilaiti, kisha wanatangaza kwamba kitu fulani "kilitoweka". Kabla ya kufika huko jiulize: kama kitu hicho kingekuwepo siku ile, mchoraji angekichora? Theluthi mbili za kazi hii ni kujibu hilo swali.

Anzia pembeni, kwenye maandishi madogo. Karatasi moja inaweza kubeba tarehe nne: mwaka wa picha za anga, mwaka wapimaji walipopita uwanjani kuhakiki, mwaka wa toleo, na mwaka wa kuchapwa tena. Unaotaka ni wa picha na wa uwanjani. Ramani iliyoandikwa 1967 kwa herufi kubwa inaweza kuwa na nyumba za picha za 1958 na majina yaliyokusanywa 1965. Ukiandika "mwaka 1967 kulikuwa na nyumba kumi na mbili hapa" umeshapotosha.

Tazama pia kama kuna mchoro mdogo wa vyanzo, ule mstatili uliogawanywa vipande A, B, C. Unakuambia kipande kipi kimetoka kwenye picha zipi. Karatasi yenye vipande viwili vya miaka tofauti huonyesha msitu "ulioishia" kwenye mstari ulionyooka. Mstari huo ni mpaka wa picha tu, wala hakuna aliyefyeka.

Na marekebisho huwa ya nusu nusu. Ramani za Marekani za USGS (shirika la serikali la upimaji na jiolojia) zilizosahihishwa kwa picha za anga bila kwenda uwanjani zina nyongeza kwa rangi ya zambarau. Hiyo ni zawadi kwa mwanahistoria: nyeusi ni toleo la awali, zambarau ni kilichoongezwa baadaye. Kwingineko husaidiwi hivyo. Utakuta "barabara kuu zimesahihishwa" na mwaka wake, huku nyumba, misitu na vijia vikiwa ni vya miongo miwili nyuma. Ndiyo maana kijiji kilichokufa kinaweza kuendelea kuishi kwenye matoleo matatu mfululizo.

chipukizi_wa_ramani
Asante mkuu. Swali la anayeanza: ramani hizi zinapatikana wapi na skeli ipi inafaa?

Gridi50
Za Marekani ziko topoView, tovuti ya USGS, bure, tangu miaka ya 1880 hadi 2006, na nyingi unazipakua zikiwa tayari na koodineti. Za Uingereza na Scotland, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland ndiyo bora: unaweza kutelezesha ramani ya zamani juu ya picha ya leo bila kufunga programu yoyote. Za Ufaransa ziko kwenye Remonter le temps, tovuti ya IGN (taasisi ya ramani ya huko), na picha za anga za zamani zimo humo humo.

Nchi nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza zilipimwa na taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1946 kwa jina la Directorate of Colonial Surveys. Mwaka 1957 ikawa Directorate of Overseas Surveys, yaani ile DOS unayoiona pembeni mwa karatasi. Nyingi ni 1:50,000. Ukikosa ofisi ya upimaji ya nchi husika, jaribu maktaba za vyuo vikuu.

Skeli: 1:50,000 inatosha kwa reli, barabara, makazi na mito (milimita 1 ni mita 50). Ukitaka jengo moja moja unahitaji 1:10,560 ya Uingereza au kubwa zaidi. 1:250,000 itakusaidia kwa majina na njia za masafa tu. Usiitumie kutafuta kisima.

mstari_wa_kontua
Niongeze hapo kwenye skeli, maana watu wanasahau unene wa wino. Barabara iliyochorwa kwa upana wa milimita 1 kwenye 1:50,000 inachukua mita 50 za ardhi, wakati yenyewe ina mita 6. Kwa hiyo nyumba zilizo kando yake husukumwa nje ili zionekane. Pakiwa na reli, barabara na mto kwenye bonde jembamba, angalau viwili kati ya hivyo vitatu haviko mahali pake. Hiyo ni kanuni ya uchoraji, msiwalaumu wapimaji.

Ndiyo maana nyumba ya kando ya barabara haifai kamwe kuwa pointi ya kushikizia ramani, yaani kuifunga skani kwenye koodineti zake.

Datumu
Nimeona watu wawili huko kwenye nyuzi nyingine wakilalamika kwamba ramani zao za DOS "zimekosewa mita mia tatu". Hazijakosewa. Zimefunguliwa kwa datumu isiyo yake.

Kila ramani imejengwa juu ya umbo fulani la dunia na sehemu fulani ya kuanzia; hivyo viwili pamoja ndiyo datumu. Za Afrika Mashariki za 1:50,000 zenye gridi ya UTM (gridi ya mita iliyogawa dunia kwa kanda) kwa kawaida ni datumu ya Arc 1960, umbo la Clarke 1880. Kwenye QGIS (programu ya ramani ya bure) chagua msimbo wa koodineti EPSG:21037 kwa kanda ya 37 kusini, 21036 kwa kanda ya 36 kusini. Kaskazini mwa ikweta ni 21097 na 21096. Ukichagua WGS 84 (datumu ya GPS) kanda ya 37 kwa kuwa "UTM ni UTM", basi karibu na ikweta kwenye longitudo 37 kila kitu kitakaa takriban mita 300 kaskazini na mita 90 magharibi ya mahali pake. Ukiona ramani nzima imehama kwa kiasi kimoja na upande mmoja, tuhumu datumu kwanza. Kosa la kubofya pointi vibaya halihamishi kila kitu sawasawa.

Marekani ni NAD27 (datumu ya zamani ya huko, umbo la Clarke 1866) kwa karatasi nyingi za karne iliyopita. Baadhi zina vialama vya nukta-nukta karibu na kona kuonyesha kona ingekuwa wapi kwa NAD83, datumu iliyofuata. Usibofye hivyo ukidhani ndiyo kona yenyewe.

Ukienda nyuma zaidi hata longitudo hazianzii Greenwich. Ramani za zamani za Ufaransa zinahesabu kutoka Paris, nyuzi 2°20′14″ mashariki ya Greenwich, na nyingine zina gredi badala ya nyuzi (gredi 100 ni nyuzi 90). Za Austria na Hungaria zinahesabu kutoka Ferro (kisiwa cha Kanari), nyuzi 17°40′ magharibi ya Greenwich. Ukikuta mji uko baharini, mara nyingi sababu ni hiyo. Na gridi nyingine za Waingereza zilikuwa za yadi: mraba wa yadi 1,000 ni mita 914.4, si kilomita.

chipukizi_wa_ramani
Na kama pembeni hakuna jina la datumu kabisa?

Datumu
Basi usitumie gridi, tumia vitu vilivyopo ardhini mpaka leo. Gridi50 atakueleza, yeye ndiye mwenye subira.

Gridi50
Haya, hatua zenyewe.

Skani dpi 400 (nukta 400 kwa inchi). Kwa 1:50,000 pikseli moja inakuwa kama mita 3.2 ardhini, inatosha. Dpi 300 inakupa mita 4.2, bado sawa. Zaidi ya 600 unanenepesha faili tu. Ukilazimika kupiga picha kwa kamera, iweke sambamba na karatasi, simama mbali kisha vuta kwa lenzi, usikaribie kwa lenzi pana: lenzi pana inapinda kingo. Piga vipande vinavyopandana kwa theluthi moja.

Pima karatasi kwanza kama unayo mkononi. Kwenye 1:50,000 kilomita 10 za gridi ni milimita 200 kamili. Karatasi hunywa unyevu na kukauka, na haitanuki sawa pande zote mbili. Ukipata 198.5 kwa mlalo na 199.6 kwa wima, hiyo 198.5 peke yake ni mita 75 za kosa katika kila kilomita 10. Ukishikiza kwa makutano ya gridi, kosa hili linajirekebisha kwa sababu gridi imesinyaa pamoja na ramani. Ukipima kwa rula na kuzidisha kwa skeli, unalibeba zima zima.

Kwenye QGIS fungua Georeferencer (iko menyu ya Layer, matoleo ya zamani, Raster). Karatasi yenye gridi inayoaminika: kona nne za fremu ya ndani, halafu makutano matano hadi manane katikati. Wengi wanaishia kona nne. Mkunjo wa katikati hauonekani kwenye kona, na ramani nyingi za maktaba zilikunjwa. Vuta karibu mpaka uone pikseli, bofya katikati ya msalaba wa mistari.

Karatasi isiyo na gridi: pointi 12 hadi 20 zilizotawanyika mpaka kwenye kingo. Bora kuliko zote ni nguzo za upimaji, pembetatu yenye nukta. Kisha makanisa na misikiti ya zamani, vichwa vya madaraja ya mawe, makutano ya reli. Epuka kingo za mito, misitu, fukwe, na njia panda zilizopanuliwa.

Mbadilisho (hesabu inayonyoosha skani ikae kwenye koodineti): polinomia ya 1 kwa karatasi iliyo nzima. Inahitaji pointi 3 kwa uchache. Ya 2 inahitaji 6, ya 3 inahitaji 10. Ukipanda daraja bila sababu, katikati patakaa sawa na kingo zitajikunja vibaya.

Wastani wa kosa, RMSE: kwa gridi lenga chini ya mita 10 kwenye 1:50,000. Kwa vitu vya ardhini, 25 ni ya kuridhisha. Hifadhi faili ya pointi pamoja na ramani. Bila hiyo hakuna anayeweza kukagua kazi yako, na wewe mwenyewe utarudia yote siku ukigundua datumu si hiyo.

Kinyume
Mimi sikubaliani na polinomia ya 1 kwa kila kitu. Kwa ramani zilizopimwa kwa mnyororo na dira, zile za kabla ya picha za anga, kosa halilingani eneo zima. Bonde moja limepimwa vizuri, jirani yake limekadiriwa kutoka kileleni. Hapo TPS (thin plate spline, mbadilisho unaonyumbua ramani sehemu kwa sehemu) inakupa matokeo bora zaidi.

Datumu
Inakupa matokeo yanayopendeza. TPS hupitisha ramani kwenye kila pointi uliyobofya, kwa hiyo kosa linaonyesha sifuri hata ukibofya kanisa la mji mwingine. Ndiyo maana watu wanaipenda.

Kinyume
Ndiyo, na dawa yake inajulikana: weka pembeni pointi tano usizozitumia, kisha baada ya kubadilisha pima kila moja imekaa mbali kiasi gani na mahali pake pa kweli. Umbali huo ndio kosa lako halisi. Ukiwa na polinomia fanya vilevile, maana RMSE ya programu inapima pointi zilezile ulizozilazimisha zikae.

Gridi50
Hapo nakubali. Ila utaratibu uwe huu: polinomia ya 1 kwanza, utazame mishale ya makosa. Ikielekea upande mmoja kwenye bonde fulani na upande mwingine kwenye jingine, hiyo ni habari kuhusu upimaji wenyewe, iandike. Ukianza na TPS umeifuta kabla hujaiona.

tuta_la_reli
Tuje kwenye kusoma sasa. Reli ni rahisi kuliko vyote, kwa kuwa treni haipandi mlima. Njia kuu nyingi hazizidi mwinuko wa asilimia 2 au 3. Kwenye 1:50,000 yenye kontua za mita 20, mstari wa asilimia 2 unahitaji mita 1,000, yaani milimita 20 za karatasi, kutoka kontua moja hadi ya pili. Ukiona "reli" inakata kontua mbili ndani ya milimita 5, hiyo ni asilimia 8: au kuna handaki, au kilima kimekatwa, au ni reli ya meno, au si reli.

Baada ya reli kung'olewa, tafuta mpaka wa mashamba uliopinda kwa duara pana lisilobadilika. Wakulima hawapandi kwa pinde namna hiyo. Tafuta vistari vifupi vya tuta (ncha zinaelekea chini), barabara ya lami inayopanda taratibu mno, na njia inayokatiza mto kwa pembe mraba ingawa hakuna barabara inayokwenda huko. Pale tuta lilipokutana na mto kwa kawaida nguzo za mawe hubaki, kwani kuzibomoa ni gharama kuliko faida.

Tahadhari: "inajengwa" kwenye ramani haimaanishi ilijengwa. Tafuta toleo la baadaye au picha ya anga kabla ya kuandika kuwa ilikuwepo. Mitaa ya mji iliyochorwa kutokana na mpango wa viwanja ni vilevile. Mingine haikuwahi kupitwa na hata baiskeli.

shajara
Kuhusu kukosekana kwa kitu. Kwenye ramani za USGS maeneo ya mji yamepakwa rangi ya waridi, na ndani yake huchorwa majengo ya alama tu: shule, kanisa, ofisi. Nyumba za kawaida zimeachwa makusudi. Mtu anayelinganisha matoleo mawili anaona nyumba mia "zimebomolewa" kati ya la kwanza na la pili, kumbe rangi imepanuka na nyumba ziko palepale.

Kuna pia kuficha. Ramani za Uingereza za baada ya Vita vya Pili vya Dunia ziliacha wazi vituo vya kijeshi, na mwaka 1988 mkuu wa ramani wa Usovieti alikiri hadharani kwamba ramani za kuuziwa umma zilipotoshwa kwa makusudi. Ukikuta nafasi tupu yenye barabara nzuri inayoishia hewani, usiandike "pori".

Na kuna pengo ambalo ni la kweli. Tanzania ndiyo mfano mzito: karatasi zilizotokana na picha za kabla ya Operesheni Vijiji ya 1973–1976 zina kaya zilizotawanyika milimani na mabondeni, picha za baada yake zina nyumba zilizopangwa mistari kando ya barabara. Hapo mwaka wa picha, ule aliousisitiza Gridi50, ndio ushahidi wote. Ukitumia mwaka wa uchapaji unaweza kuhamisha kijiji kabla ya kuhamishwa.

Majina nayo yasomwe kwa makini. Ramani nyingi za enzi za Wajerumani ziliandika kijiji kwa jina la jumbe wa wakati ule. Jumbe akifa au akihama, jina linaondoka, na ramani mbili zinaonekana kama zina vijiji viwili. Linganisha mahali kwa koodineti, jina liwe la pili. Katika orodha na faharasa tafuta kwa tahajia ya Kijerumani pia: Muansa, Udjidji, Bagamojo, Kilossa.

mto_mkavu
Mabwawa hayajatajwa. Ramani ya kabla ya bwawa ina kontua za ardhi iliyo chini ya maji leo. Toa kimo cha kontua kwenye kimo cha maji yakijaa, umepata kina. Kontua ya futi 4,000 ni mita 1,219; bwawa likijaa kwa mita 1,240, barabara iliyofuata kontua ile iko chini ya takriban mita 21 za maji. Hakikisha kama kontua ni za futi au mita, pembeni pameandikwa. Kontua za nukta-nukta ni makisio ya mchoraji, usitoe hesabu kwazo.

Mito: usipime kuhama kwa kingo kabla hujajua picha ilipigwa masika au kiangazi. Mto wa kiangazi unaonekana mwembamba na "umehama" kumbe umekauka upande mmoja. Pima mstari wa katikati wa njia nzima ya mto, ukingo hadi ukingo, na usihesabu kuhama kulikopungua maradufu ya kosa lako la jumla.

chipukizi_wa_ramani
Hilo kosa la jumla linahesabiwaje? Nataka kwenda kutafuta machimbo ya chokaa yaliyo kwenye ramani ya 1:50,000.

Gridi50
Jumlisha kwa mraba. Kanuni ya Marekani ya 1947 inataka asilimia 90 ya vitu vinavyoonekana wazi viwe ndani ya sehemu 1/50 ya inchi kwenye karatasi. Kwa 1:50,000 hiyo ni kama mita 25. Chukua 25 ya ramani, RMSE yako tuseme 15, GPS ya simu 5 penye anga wazi. 625 + 225 + 25 ni 875, kipeuo chake karibu 30. Tafuta ndani ya duara la mita 60 kutoka nukta, mara mbili ya hiyo. Chini ya miti mizito simu haikupi 5, kwa hiyo panua.

Kuiweka kwenye simu, kwa amri za GDAL (zana za bure zinazokuja na QGIS): badilisha kwa gdalwarp kwenda EPSG:3857, tumia cubic ili maandishi yasimeguke, kisha gdal_translate kwenda MBTiles (faili moja ya vigae vya ramani) na gdaladdo 2 4 8 16, la sivyo ukivuta nje utaona weupe. QField, programu ya simu, inaifungua bila mtandao.

Kinyume
Kabla ya kutembea tazama data ya kimo ya laser kama eneo lina hiyo. Tengeneza kivuli cha mwinuko kwa mwanga wa nyuzi 315 (kutoka kaskazini-magharibi) na urefu wa nyuzi 45 juu ya upeo kama programu inavyopendekeza, halafu rudia kwa urefu 20 na kwa mwelekeo mwingine angalau mmoja. Tuta lililo sambamba na mwanga halitoi kivuli, linapotea kabisa. Machimbo ya chokaa utayaona kama shimo lenye ukuta mmoja mkali na njia ya kuingilia upande wa pili.

tuta_la_reli
Na kama una maelezo ya maandishi ya zamani yenye dira ("kutoka darajani nyuzi 40, hatua kadhaa"), rekebisha kaskazini ya sumaku kwa mwaka ule. NOAA (shirika la Marekani la bahari na anga) ina kikokotoo kinachorudi hadi 1590. Kosa la nyuzi 3 kwa kilomita 2 linakutupa mita 105 kando, nje kabisa ya duara la Gridi50.

shajara
Chipukizi, machimbo na migodi iliyoachwa huwa na mashimo yaliyofunikwa na majani au mbao zilizooza. Alama ya mlango wa mgodi kwenye ramani usiisogelee peke yako, na duara lako la mita 60 lihesabu kama eneo la hatari lote, siyo nukta ya katikati tu. Omba ruhusa kwa mwenye ardhi. Pamoja na ruhusa atakuambia shimo liko wapi kabla hujawasha simu.